Boti ya mjomba ilale ziwa gani? Naivasha, Kisumu au Baringo

Haya wacha niandike hii kitu mara moja, manake nishaulizwa na watu kama sita na kila mmoja namjibu kipande kipande. Mjomba wangu wa Mtwapa magoti yalikataa kupanda chombo, akaniachia boti yake ya faiba, futi 17, na injini Yamaha ya nguvu farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili. Mie nafundisha Nairobi, Mombasa naenda likizo tu, kwa hivyo boti ingekaa kwa creek pale miezi tisa inaliwa na chumvi bila mtu hata wa kuiwasha. Shemeji yangu akasema ilete bara tutafute ziwa, gharama tugawane nusu kwa nusu. Tukazunguka maziwa matatu, na sasa ni mwaka na miezi mitatu boti iko Naivasha, mahali pa pili. Pa kwanza tulihama na nitaeleza kwa nini.

Kabla hujauliza, Nairobi yenyewe hakuna. Nairobi Dam ile ya kati ya Kibera na Lang'ata ilijengwa 1953 na kulikuwa na klabu ya mashua za tanga pale, watu walikuwa wanashindana wikendi. Saa hii ukisimama kando yake unaona kijani kitupu, gugu maji juu ya taka na maji machafu, hata bata hana pa kuogelea. Naitaja kwa sababu ndiyo iliyonifundisha cha kuuliza nikifika ziwa lolote: maji haya yanatoka wapi, yanaenda wapi, na gugu likija nani analitoa.

Na kitu kingine, mtu akisikia marina anafikiria zile gati za Dubai, kila boti na nafasi yake, maji ya bomba, umeme. Kwa maziwa yetu mahali pa kuweka boti ni kambi, hoteli au klabu. Unalipa kwa mwezi, unapewa kipande cha gati au nafasi ya trela chini ya mti, na mlinzi. Kwa hivyo unachokagua ni watu zaidi ya majengo, hilo mimi nililijua nikiwa nishachelewa.

Baringo nitapita haraka. Ni ziwa zuri mno, visiwa, ndege, milima pande zote, na liko chini, karibu mita 970 tu juu ya bahari kwa hivyo injini inapumua vizuri. Lakini kutoka Nairobi ni karibu kilomita 280 hadi Kampi ya Samaki, na maji yamepanda tangu miaka ya 2010 hadi yakameza mahoteli na barabara, mahali pa kushukia boti panahama kila mara. Kuna mamba na kuna viboko, na mie nina watoto wawili ambao mkono lazima uguse maji. Ningekuwa naishi Nakuru ningefikiria. Kwa mtu wa Nairobi ni likizo, si mahali pa kuweka boti.

Kisumu ndiyo ilikuwa ndoto ya shemeji, kwao ni huko, na kusema ukweli mimi pia roho ilinidunda nilipoona yale maji, ni kama bahari, upande wa pili huoni. Victoria ni kilomita za mraba karibu 68,800, Kenya tuna kama asilimia 6 tu lakini hiyo asilimia 6 yako hutaimaliza maisha yako yote. Unaweza kwenda Rusinga, Mfangano, unalala kisiwani, unakula samaki wa ngege saa ile ile ametoka majini. Na Kisumu ina utamaduni wa chombo, mafundi wa injini wako, spea ziko, wavuvi wa ufuo wa Dunga wanajua maji kwa kuyatazama tu. Kama ni kuchagua ziwa kwa ajili ya ziwa, Victoria inashinda, hakuna mjadala.

Lakini ghuba ya Winam, ambayo ndiyo Kisumu imekaa mwisho wake, ni ndefu na ina kina kifupi, na gugu maji linasafiri na upepo. Leo ghuba ni safi unaona maji, kesho umeamka ni uwanja wa mpira. Tulikaa siku tatu kuangalia mahali, siku ya pili mwenye boti jirani alikuwa amefungiwa ndani, gugu limejaa kutoka gati hadi mbali kabisa, na yeye amekuja na wageni na chakula na barafu. Mbita walifungua daraja 2017 badala ya lile tuta la zamani lililokuwa limeziba mlango wa maji kati ya Rusinga na bara, na wavuvi tulioongea nao wanasema afadhali, ila gugu bado lipo. Halafu nyavu. Na vizimba vya samaki vimeongezeka sana, usiku au alfajiri hujui umeingia wapi mpaka propela ishike kamba. Mchana jua likipinda, ngurumo zinatoka upande wa milima ya Nandi na mvua inafika kabla hujamaliza kukunja turubai. Mawimbi ya kule si ya kuchezea na boti ya futi 17. Na kichocho kipo, watoto kuogelea usiruhusu.

Kilichotuua kwa Kisumu hata si hayo, ni kilomita 350. Boti ambayo unaiona mara nne kwa mwaka hutajua inavuja mpaka izame. Kwa hivyo shauri langu kwa anayeishi Kisumu, Kakamega, hata Kericho ni weka boti Victoria na usitafute kwingine, nenda nje ya ghuba kama unaweza, upande wa Mbita. Kwa wa Nairobi, hapana.

Basi Naivasha. Kilomita 90 na kidogo, ukitoka saa kumi na moja alfajiri saa moja uko majini. Ukivuta trela usipite Mai Mahiu kushuka ule mteremko kwa mara ya kwanza, sisi tulipita na breki za gari zilitoa moshi pale karibu na kanisa dogo la Waitaliano, tukakaa kando nusu saa nzima malori yanatupita yakitupigia honi. Pitia juu, Limuru na Kimende, ukungu utakusumbua lakini mteremko ni wa taratibu.

Ziwa lenyewe ni dogo, kilomita za mraba 140 hivi na linaongezeka na kupungua, na liko juu sana, karibu mita 1,885. Hapo ndo kuna jambo ambalo hakuna mtu alinieleza. Injini inapoteza nguvu karibu asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Injini ya 40 iliyokuwa inaruka Mtwapa, Naivasha ikawa kama ya 33, inatoa moshi mweusi, plagi zinalowa, watu wanne ndani na haitaki kuinua omo, ile pua ya boti. Nilidhani imekufa, nikalaumu lori lililoileta. Fundi mmoja pale mjini akafungua kabureta akaweka jeti ndogo zaidi, kile kitundu cha kupitisha petroli, kwa sababu hewa ni nyepesi na petroli ilikuwa inaingia nyingi kuliko inavyochomwa, na akaniambia nibadilishe propela, nikashuka pichi, yaani inchi ambazo propela inasonga kwa mzunguko mmoja, kutoka 13 hadi 11. Basi ikaamka. Kama unaleta boti kutoka pwani weka hizo pesa kando kabla hujafika.

La pili ni zinki. Kile kipande kinachofungwa chini ya injini ili kiliwe chenyewe badala ya injini. Pwani ni zinki, kila mtu anajua. Kwa maji baridi ya ziwa, yaani yasiyo na chumvi, zinki inafunikwa na ganda na haifanyi kazi tena, unaiona nzima unafurahi kumbe injini ndiyo inaliwa polepole. Unataka magnesiamu. Nilipofungua yangu baada ya miezi minne ilikuwa nyeupe kama imepakwa chokaa, haijapungua hata kidogo. Lakini ukitoa hilo, maji baridi ni raha tupu jamani, hakuna kuosha injini kila ukirudi, hakuna yale magamba yanayoganda chini ya chombo mpaka uyakwangue na patasi. Unapanguza utelezi wa kijani na sponji, basi.

Maji ya Naivasha ni baridi ingawa hakuna mto unaotoka, Malewa na Gilgil zinaingia na chini ardhi inanyonya, chumvi inaondoka na hayo yanayozama. Kwa hivyo hakuna mlango wa kupunguza maji yakizidi, na yasipokuja mvua yanakauka. Mwaka 2009 na 2010 yalikuwa chini kabisa, gati zilibaki kwa matope mbali na maji. Mwaka 2020 yakapanda yakaingia majumba ya watu mtaa wa Kihoto. Hilo ndilo jambo la kwanza mtu anatakiwa kuangalia akichagua mahali hapa na sisi hatukuangalia.

Mahali pa kwanza palikuwa pazuri machoni. Nyasi zimekatwa, gati ya mbao imejengwa kwa nguzo, taa, mgahawa una samaki. Elfu kumi na tano kwa mwezi na mlinzi usiku na mchana, turubai watafunga wao, maji ya mvua yakijaa ndani watafua wao, yaani watayachota na kuyamwaga. Gati ile ya nguzo ilikuwa tayari imezamishwa upande mmoja, ubao wa mwisho ulikuwa chini ya maji, mie nikaona kama urembo. Mbele yake kulikuwa na migunga iliyokufa imesimama majini, miti mikavu myeupe, mbayuwayu juu, tukapiga picha. Sikufikiria kwamba kama miti iko ndani ya maji basi na ua wa lile shamba uko ndani ya maji. Wiki ya tatu, tukitoka taratibu kabisa, tulisikia kitu kama mtu anachana shati, injini ikazima. Seng'enge. Waya wa seng'enge wenye miba umejizungusha kwenye propela mara sijui ngapi, na nguzo ya ua ikawa inakuja nayo. Shemeji alikata kwa koleo saa nzima akiinama juu ya tezi, kule nyuma ya boti, na mie nasimama naangalia viboko, na mke wangu amewashika watoto laifjaketi zao kama anashika mbuzi wawili sokoni.

Hilo naweza kusamehe, ni maji. La pili silisamehi. Tulikosa kwenda wiki tatu kwa sababu ya mitihani. Tukarudi, boti inang'aa imeoshwa, nikasema hawa watu wazuri. Kufungua tangi, nilikuwa nimeacha lita 25 kamili, sasa iko theluthi. Kijana wangu akaingia chini kule mbele kutafuta kamba akatoka na kiatu, kandambili ya mtoto, ya kushoto, ya waridi. Sisi hatuna mtoto wa kike. Boti yetu ilikuwa inabeba wageni wa wikendi kwenda kuona viboko na tai. Walikataa kata kata, wakasema labda ni upepo umevusha hicho kiatu. Mie sikuumia kwa petroli. Niliumia kwa sababu boti ina leseni ya matumizi yangu binafsi, imekaguliwa hivyo na KMA, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, jaketi ni za familia yangu, na mtoto wa mtu alikuwa amekaa ndani yake na sijui hata kama alivalishwa jaketi inayomtosha. Ingepinduka ni jina langu na jina la mjomba. Tuliondoka siku ile ile, na mwezi uliobaki tukauacha.

Tangu hapo nimefunga kile kisaa kidogo cha kuhesabu masaa ya injini, kinazungushiwa waya kwenye waya wa plagi, hakihitaji hata kuunganishwa. Nikiondoka naandika namba, nikirudi naangalia. Nunua hicho kabla ya kununua viti vizuri.

Mahali pa pili, tulipo sasa, ni kambi ndogo upande wa kusini, Moi South Lake Road. Machoni haipendezi. Hakuna mgahawa, chai inapikwa kwa jiko la makaa. Gati ni mbao zimefungwa juu ya mapipa ya plastiki ya bluu na minyororo, ukikanyaga inayumba kidogo. Na hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali, kwa sababu maji yakipanda inapanda, yakishuka inashuka, wanalegeza mnyororo tu. Wamepiga vigingi na madumu mekundu kuonyesha ua wa zamani ulipo chini ya maji. Uzio wa umeme wa kuzuia viboko usiku unawashwa saa kumi na mbili na nusu jioni, na mtu harudi hapo baada ya saa kumi na mbili, kapteni hata awe nani. Elfu kumi na mbili.

Lakini tunalolipia hasa ni mzee. Mzee alikuwa mvuvi Homa Bay miaka mingi, sasa anaangalia boti tisa. Siku ya kwanza aliangalia nilivyofunga, hakusema kitu, akasubiri nimalize. Halafu akasema, "Mwalimu, kamba ya nyuma legeza. Gugu likija usiku linasukuma kama ng'ombe, litaibinya boti kwa gati mpaka faiba ilie." Akafunga upya mwenyewe, akaweka tairi mbili kuukuu katikati. Ana daftari la shule, lile la mstari mmoja, kila boti ina kurasa zake. Nimelipiga picha ukurasa wetu. Umeandikwa: tarehe, mvua kubwa, nimefua ndoo 9, betri nimetoa. Siku nyingine: gugu nimelitoa kwa propela, maji yanatoka sawa. Hiyo ya mwisho maana yake amewasha injini akaangalia ule uzi wa maji unaorushwa pembeni, manake gugu likiziba pale injini inaponyonya maji itachemka na utakuwa huna habari. Anasafisha kile kitundu na waya wa baiskeli. Mie nimezaliwa pwani, nimefua maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, na kata tangu nikiwa na miaka saba, na sijapata kuona mtu anayeandika ndoo.

Tulipokuwa tunapanga bei nilimuuliza mwenye kambi swali moja ambalo sasa nawaambia wote waulize: mvua ikinyesha saa nane usiku nani anaamka? Kule kwa kwanza walinijibu "usijali". Huyu alinyoosha kidole kwa nyumba ya mzee, ipo hatua thelathini kutoka gati.

Ubaya upo, na ninausema. Hakuna rampu ya saruji, ni matope, na kuingiza au kutoa boti wanatumia trekta ambayo unalipia kila mara, na mvua ikiwa nyingi trekta yenyewe inakwama. Gugu halina mwenyewe hata hapa. Mwezi wa tano tuliendesha kutoka Nairobi tukakuta limejaa, mzee na vijana wawili wanalikata na panga na kulisukuma na miti mirefu, na visiwa vya mafunjo vimekatika vimekuja navyo. Tulikunywa chai, tukasaidia kusukuma mpaka saa sita, upepo ukaanza, tukarudi nyumbani bila kuwasha injini. Uwe tayari kwa siku kama hizo. Na upepo wenyewe ni lazima uuheshimu, asubuhi ziwa ni kioo, mchana linachafuka ghafla, mawimbi mafupi yaliyokaribiana yanayokulowesha mpaka kwenye meno. Sisi saa tano na nusu tunageuza, saa sita tumefunga. Hatujawahi kujuta.

Asubuhi ile ya saa moja lakini, wallahi. Tunatoka taratibu mpaka nje ya madumu mekundu, tunazunguka kisiwa cha Crescent ambacho ni ukingo wa mdomo wa volkano uliozama, ndani ya mdomo huo ndipo penye kina, injini tunazima. Viboko tunawaacha mbali, ukiona povu linakuja kwa mstari kuelekea kwako usingoje kichwa kitoke, ondoka. Mamba hakuna Naivasha lakini kuogelea usijaribu, kiboko anatosha. Tai wanalia juu, na mwanangu mdogo anahesabu wale ndege weusi wanaokausha mabawa. Zamani kabla ya vita kuu ya pili zile ndege za kutua majini za Imperial Airways zilikuwa zinashuka ziwa hili hili zikitoka Uingereza, abiria wanapelekwa Nairobi kwa gari. Nilimwambia shemeji hivyo, akakaa kimya akaangalia maji kwa muda, akasema basi hata sisi tumetua.

Kwa nyota: Victoria kama ziwa 5, kwa mtu wa Nairobi 2. Baringo 3. Naivasha 4. Mahali pa kwanza pa gati ya nguzo 1, na hiyo moja ni ya samaki. Hapa tulipo 4 na nusu, hiyo nusu nyingine wataipata wakiweka saruji pale kwa trekta.

Anayetaka kuja kuona kabla ya kuamua, njoo Jumamosi asubuhi na mapema. Usiku mvua iwe imenyesha ndio vizuri zaidi, tembea kwa gati uangalie ni boti gani zina maji ndani na zipi zishafuliwa, halafu omba kuonyeshwa daftari. Ukija na mtoto beba jaketi yake mwenyewe ya saizi yake, hapa kambini zilizopo ni za watu wazima tu, nishawaambia mara mbili wanunue na mwezi ujao nitawaambia tena.